Somo la Kikundi: Tuhesabu Kwanza, Halafu Tuamue



Juzi baada ya mkutano mama mmoja aliniuliza: "Dada, kijana wangu alimaliza chuo kikuu. Sasa anataka digrii ya pili, ati ya kuchambua takwimu za mji. Kweli niuze ng'ombe ili mtu akasomee kuhesabu?" Swali hili ni zuri. Hebu tulijibu pamoja.

Takwimu ni nini? Ni habari zilizohesabiwa na kuandikwa kwa utaratibu. Ukiandika maziwa ya kila siku kwenye daftari, tayari unazo. Kuchambua ni kuliuliza daftari hilo maswali: maziwa yalipungua lini? Kwa nini?

Mfano wa matatu. Ukishuka Nairobi mjini na hujui steji ya Kawangware au Kangemi, utauliza watu. Kwa miaka mingi njia hizo zilikaa vichwani mwa madereva na makanga tu. Basi, Chuo Kikuu cha Nairobi kilishirikiana na vyuo viwili vya Marekani, MIT na Columbia. Wanafunzi walipanda matatu wakiwa na simu za mkononi, na kila steji wakaandika jina lake na mahali ilipo. Ramani ilitolewa Januari 2014, ikiwa na njia zaidi ya 130.

Ramani ilionyesha nini? Kwamba njia nyingi mno zinaishia katikati ya mji. Mtu wa Kangemi anayefanya kazi upande wa mashariki mara nyingi hupitia mjini, akabadilisha gari na kulipa nauli tena. Kila makanga alijua njia yake. Zote kwa pamoja, hakuna aliyeziona.

Mfano wa Kibera. Watu walizoea kusema Kibera ina watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilipata kama 170,000. Wengine walibisha, na kubisha si vibaya. Lakini ukipanga shule au maji kwa hesabu ya kukisia, utakosea.

Mimi mwenyewe nilikosea. Miaka iliyopita nilisaidia kikundi kimoja huko Kangemi kuchagua mahali pa bomba la maji. Tukaliweka karibu na wale waliosema sana mkutanoni. Baadaye tulipita nyumba kwa nyumba tukihesabu. Kumbe wengi wasio na maji walikuwa upande wa chini, na mkutanoni hawakuja kwa sababu saa hiyo walikuwa kibaruani. Pesa zilikuwa zimekwisha. Akina mama wale waliendelea kununua maji kwa mtungi.

Digrii hiyo inafundisha nini? Kuuliza swali vizuri, kukusanya habari, kuzipanga kwa kompyuta, kuchora ramani, na kueleza matokeo kwa wanaoamua. Anayeingia awe na digrii ya kwanza, na asiogope hesabu. Kwa kawaida huchukua kama miaka 2.

Kabla ya kuuza ng'ombe, muulize kijana:

1. Unataka kutatua shida gani ya mji?
2. Masomo hayo yatakupeleka kwa watu, au utakaa na kompyuta tu?
3. Karo yote ni kiasi gani, na nani mwingine atasaidia kulipa?

Na sisi kijijini? Hatuhitaji digrii ili kuanza. Chukueni daftari, chagueni swali moja, kwa mfano: kila nyumba inatumia dakika ngapi kuteka maji? Ombeni ruhusa kabla ya kuandika habari za mtu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda siri zake. Mkimaliza, wasomeeni wenyewe matokeo kabla ya kuyapeleka kwa chifu au kaunti.

Maswali ya kujadili

1. Ni nani hawafiki kwenye mikutano yetu? Kwa nini?
2. Ni jambo gani tuliamua bila kuhesabu? Lilitugharimu nini?
3. Mwezi huu tutahesabu nini, na nani atashika daftari?

Yule mama hakuuza ng'ombe siku ile. Alienda nyumbani na yale maswali matatu.