Taa Zikififia Kila Besi Ikigonga

Unaendesha usiku, muziki umekolea, na kila besi ikigonga taa za mbele zinafifia. Wengi hukimbilia kununua betri mpya au kapasita. Subiri kwanza! Mita ya bei nafuu itakuonyesha tatizo liko wapi kabla hujatoa hela.

1. Anza na betri. Gari likilala usiku kucha, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Ukikuta 12.2, chaji imebaki kama nusu. Ijaze kwanza, la sivyo vipimo vingine vyote vitakupotosha.

2. Washa injini. Mita ipande hadi kati ya 13.8 na 14.5. Haipandi? Kagua mkanda wa alteneta, kisha regyuleta. Na tafadhali, usimruhusu fundi achomoe waya wa betri injini ikinguruma eti aone kama alteneta inachaji. Umeme unaweza kuruka ghafla ukaunguza kompyuta ya gari.

3. Hapa ndipo penye kazi. Fungulia muziki mnene, pima kwenye betri, halafu kwenye amplifaya. Ukipata 14 kwenye betri na 12.5 kwenye amplifaya, alteneta haina kosa. Umeme unapotelea njiani. Weka ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya amplifaya, muziki ukiendelea. Ikizidi nusu volti, waya ni mwembamba, au ni alumini iliyopakwa shaba, au kishikio cha fyuzi kimelegea. Kiguse: pakiwa pa moto, ndipo penyewe. Rudia upande wa ethi. Mara nyingi utakuta skrubu imefungwa juu ya rangi. Kwangua mpaka bati ling'ae.

Volti zikishuka kotekote, kwenye betri na kwenye amplifaya, alteneta imezidiwa. Wati 1,000 za kweli zinaweza kuvuta ampea 80 na zaidi, na taa, feni na injini navyo vinataka vyao.

4. Mlio unaopanda ukikanyaga mafuta? Ethi mbaya, au waya za sauti zimelazwa pamoja na waya wa umeme. Zitenganishe.

5. Fyuzi kuu ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45. Waya wa umeme wa amplifaya hupita chini ya kapeti. Ukichubuka ukagusa bodi bila fyuzi, gari linawaka moto na watu ndani. Hili usilibahatishe.

6. Betri inaisha gari likiwa limeegeshwa? Zima kila kitu, toa ufunguo, utazame taa ya amplifaya. Ikiwa bado inawaka, waya wa rimoti, ule unaoiwasha amplifaya, umeungwa kwenye umeme wa moja kwa moja. Uhamishie kwenye rimoti ya redio.