Je, Fremuweki Ije na Maktaba ya CSS Ndani Yake?

Fungua tovuti ya Mkoa wa Mara, halafu ya Manispaa ya Musoma, ya Mji wa Bunda na ya Wilaya ya Butiama. Mpangilio unafanana kama ndugu wa baba mmoja. Si kwamba maafisa TEHAMA wameigana. Mwaka 2017 tovuti za mikoa na halmashauri zilizinduliwa zikiwa juu ya mfumo mmoja wa Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo leo ni Mamlaka. Mfumo ule unakuja na sura yake; halmashauri inaweka habari na matangazo.

Sasa swali: fremuweki tunazotumia kwenye projekti zetu, kama Laravel, Django na Rails, nazo zije na sura tayari?

Kwanza tuelewane

Fremuweki inashughulika na seva: njia za kurasa, hifadhidata, usalama wa fomu. Maktaba ya CSS, kama Bootstrap iliyotoka Twitter mwaka 2011, au Tailwind, inashughulika na mwonekano. Kwa sehemu kubwa haya mawili hayagombani, kwa sababu HTML unaandika mwenyewe na klasi unachagua mwenyewe.

Ugomvi unaanza pale fremuweki inapoandika HTML kwa niaba yako. Sehemu hizo ni chache: fomu, ujumbe wa makosa, na vile viungo vya "nyuma, 1, 2, 3, mbele" chini ya orodha ndefu. Hapo ni lazima iamue itaandika klasi za nani.

Wanaosema ndiyo

Hoja yao kubwa ni muda. Django ikikuchapia fomu, inakuja kavu, bila klasi ya Bootstrap hata moja. Ukitaka ipendeze, uweke `form-control` kwenye kila uga, au usakinishe kifurushi cha nje kama crispy-forms. Fomu ikiwa na uga 20 na tarehe ya kuwasilisha ni kesho kutwa, utatamani kazi hiyo ingekuwa imeshafanywa. Hoja hii ina uzito, tusiidharau.

Wanaosema hapana

Wao wanasema mitindo inapita haraka kuliko mifumo. Phoenix, fremuweki ya lugha ya Elixir, ilianza na Bootstrap, mwaka 2018 ikahamia Milligram, na mwaka 2023 ikahamia Tailwind. Zote hizo ndani ya miaka isiyozidi kumi.

Mfano unaouma zaidi ni wa Laravel. Kwa miaka mingi viungo vyake vya kurasa viliandikwa kwa klasi za Bootstrap. Toleo la 8, mwaka 2020, likahamia Tailwind. Watu waliosasisha huku kurasa zao zikiwa bado za Bootstrap wakakuta mishale mikubwa ajabu imejaa kwenye kioo. Sababu ni ndogo tu: mshale ule ni picha ya SVG, na ukubwa wake unatoka kwenye klasi za Tailwind `w-5 h-5`. Tailwind isipokuwepo, hakuna wa kuuambia mshale ukomee wapi. Tiba ni mstari mmoja ndani ya AppServiceProvider: `Paginator::useBootstrap();`. Lakini lazima uujue.

Tuseme umejengea AMCOS ya pamba kule Bunda mfumo wa kusajili wanachama. Umehitimu, umepata kazi Dodoma. Mtu mwingine anasasisha mfumo, na orodha ya wakulima inamezwa na mishale. Katibu hajui Tailwind ni nini. Anachojua ni kwamba mfumo umeharibika, na kesho anarudi kwenye daftari.

Msimamo wangu

Fremuweki isaidie maktaba za CSS, lakini isifunge nazo ndoa. Masharti ni matatu.

Moja, ikuulize mwanzoni. Rails 7, ya Desemba 2021, inafanya hivyo: unaandika `rails new mfumo --css tailwind`, au bootstrap, au bulma. Usipochagua, hupewi yoyote.

Mbili, kila HTML inayoandika yenyewe iwe kwenye kiolezo unachoweza kubadilisha. Django iliruhusu hilo kwa uga za fomu kuanzia toleo la 1.11, mwaka 2017.

Tatu, faili za CSS zikae ndani ya mradi, zisivutwe kutoka mtandaoni kila ukurasa unapofunguka. Bando likiisha katikati ya uwasilishaji, ukurasa unabaki uchi mbele ya msimamizi.

Mbona basi mfumo wa serikali ulikuja na sura yake, na ni sawa? Kwa sababu mwenye nyumba ni mmoja. Mwananchi akihama Butiama kwenda Musoma, ni vizuri akute tangazo la ajira mahali palepale. Laravel haina mwenye nyumba mmoja. Haiwezi kujua kama unajengea AMCOS, zahanati au duka la samaki Mwigobero.

Zoezi

1. Kwenye projekti yako, orodhesha kila sehemu ambayo HTML imeandikwa na fremuweki, si wewe.
2. Ondoa maktaba ya CSS. Je, mkulima bado anaweza kujisajili?
3. Andika kwenye README toleo la fremuweki na la maktaba ya CSS. Atakayerithi mfumo wako atakushukuru.