Kusoma Kadi ya Chanjo ya Mbwa na Paka

Ukipewa mtoto wa mbwa, utaambiwa haraka, "Huyu kashachanjwa." Usibishe, ila omba kadi. Kachanjwa nini, lini, na akiwa na umri gani? Swali la umri ndilo linalosahaulika, na ndilo zito zaidi.

Mtoto wa mbwa hupata kingamwili za kuanzia kwenye dang'a ya mama yake. Kingamwili hizo zinamlinda, lakini pia zinaizima chanjo kabla mwili wake haujajifunza kupambana wenyewe. Hufifia taratibu, kati ya wiki ya 6 na ya 16 hivi, na kila mtoto kwa wakati wake, hata wa uzao mmoja. Kwa kumtazama tu huwezi kujua zimekwisha lini. Ndiyo maana daktari wa mifugo huanza kuchanja wiki ya 6 hadi ya 8, kisha hurudia kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mbwa afikishe wiki 16 au zaidi. Dozi hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, na ndiyo ambayo wengi huiacha, maana mtoto anaonekana mzima na hela ina kazi nyingine.

Hapo ndipo parvo inapomkuta: kutapika, kuhara damu, na pengine kifo ndani ya siku chache. Virusi vyake hukaa kwenye udongo miezi mingi na sabuni haiviui. Sakafu isafishwe kwanza, kisha ipigwe jiki. Mtoto ambaye hajamaliza dozi asizurure mtaani. Na ua uliofiwa na mbwa kwa parvo usipelekewe mtoto mwingine. Chukua mbwa mkubwa aliyekwisha kuchanjwa.

Sasa herufi zinazoandikwa kwenye kadi. DHPPi ni chanjo ya magonjwa manne: D ni distempa, H ni homa ya ini ya mbwa, P ni parvo, na Pi ni parainfluenza, kirusi cha kikohozi. Wapo wanaosema distempa ni ugonjwa wa mbwa wa kizungu. Mwaka 1994 virusi vya distempa viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti, na watafiti waliwanyooshea kidole mbwa wa vijiji vya jirani.

L ni leptospirosi, ugonjwa uliotangazwa kwa jina la homa ya mgunda ulipozuka kwa watu huko Ruangwa, Lindi, mwaka 2022. Bakteria wake husambaa kwa mkojo wa panya na wanyama wengine, mbwa wakiwemo. Mbwa anayelala ghalani au kunywa maji ya madimbwi anahitaji chanjo yake: dozi mbili mwanzoni, halafu kila mwaka.

R ni kichaa cha mbwa. Huchanjwa kuanzia miezi mitatu, hurudiwa baada ya mwaka, kisha hufuata lebo ya chanjo na sheria ya mahali ulipo. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi huchanja bure. Mpeleke na paka, maana naye huambukizwa na huambukiza. Mtu akiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama kadi ya mbwa imejaa mihuri.

Paka ana ya kwake, tatu kwa moja: panlukopenia, ambayo virusi vyake ni ndugu wa parvo, pamoja na virusi viwili vya mafua ya paka. Ratiba ni kama ya mbwa. Usishangae paka aliyechanjwa akipata mafua. Chanjo hiyo hupunguza makali, haizuii kabisa. Ya lukemia ni kwa paka anayetoka nje na kupigana.

Si kila herufi hulipiwa kila mwaka. D, H na P, baada ya dozi za utotoni na ya kuimarisha, kwa kawaida hutosha kila miaka mitatu. Muulize daktari wako hivyo. Hatakasirika, na akikasirika umeshajua jambo.

Chanjo hutunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Ile inayonunuliwa dukani ikasafiri mfukoni juu ya bodaboda ni hela iliyomwagwa. Itolewe kwenye friji na kuchanganywa mbele yako, na kibandiko cha kichupa kibandikwe kwenye kadi.

Mnyama awe mzima siku hiyo, na minyoo imeshatibiwa. Akishachomwa, subiri hapo nusu saa: uso ukivimba au akihema kwa shida, mrudishe ndani mara moja. Kunyong'onyea siku moja ni kawaida. Kinundu kinachokua, au kilichopita miezi mitatu, kionwe na daktari, hasa kwa paka.

Na kadi ikipotea? Mhesabu kama hajachanjwa, uanze upya. Kumrudia mnyama mzima chanjo kwa kawaida hakumdhuru.