SOMO: BAISKELI YA MLIMANI KWA VIPANDE VYA ZAMANI NA VIPYA



Mimi nilipojiundia baiskeli, fedha yangu ya kwanza ilikwenda kwenye rangi na kengele. Breki niliacha zile kuukuu. Mteremko wa shamba la chai ukanivunja mkono, na siku za kazi zikapotea.

Kosa hili lina wenyewe. Huko Marin, California, miaka ya 1970, vijana walichukua fremu kuukuu za Schwinn, wakashindana kuteremka mlima. Breki ya kukanyaga pedali kinyume ilipata moto hadi grisi ikatoka moshi. Kila mteremko ulipokwisha, walijaza grisi upya. Ndiyo sababu njia ile, iliyoanza mashindano mwaka 1976, iliitwa Repack, yaani kujaza upya.

Basi tufuate utaratibu huu:

1. Fremu. Ya zamani yafaa. Isafishe, utazame viungo vyote. Yenye ufa iache.

2. Breki. Nunua mpya, mbele na nyuma, pamoja na waya. Ringi za aluminiamu hushika vizuri kuliko za chuma wakati wa mvua.

3. Mnyororo. Pima pingili 24: ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu ya nane ya inchi, badilisha. Tazama na meno. Yaliyolika huurusha mnyororo mpya.

Mwenye fedha kidogo aanze na breki. Rangi itangoja.