SOMO LA MWEZI: VAZI LA BINTI NA JICHO LA MTAZAMAJI

Mwezi huu twajifunza habari za mavazi, maana neno hili laleta ugomvi makazini, shuleni, hata mlangoni pa kanisa. Someni kwanza Mathayo 5:27-29 na Yakobo 2:1-4.

1. Habari. Tarehe 1 Juni 2021, Bungeni Dodoma, mbunge mmoja mwanamume alisimama kulalamikia mavazi ya wabunge wanawake. Spika Job Ndugai akamwamuru Condester Sichalwe, mbunge wa Momba, atoke nje kwa sababu ya suruali yake. Jambo hili si geni. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipiga vita nguo fupi, nywele za bandia na suruali za kubana; Oktoba mwaka ule, huko Kariakoo, Dar es Salaam, wanawake walishambuliwa na kuchaniwa nguo. Suruali za wanaume nazo zilikatazwa, lakini aibu kubwa iliwapata wanawake.

2. Mafundisho. Hatusemi kwamba kazi isiwe na utaratibu. Serikali ilitoa waraka wa mavazi ya watumishi mwaka 2007, nao wawahusu wanaume na wanawake. Utaratibu si dhambi. Kilicho kibaya ni vipimo viwili: mwanamume kupimwa kwa kazi yake, mwanamke kwa urefu wa gauni lake. Tena Bwana Yesu, alipofundisha habari za Amri ya Sita, hakuuliza mwanamke amevaa nini. Kosa aliliweka katika jicho na moyo wa mwanamume mwenye tamaa. Basi amtwikaye binti hatia ya macho ya mwingine ameyageuza mafundisho ya Bwana.

3. Kwetu Bariadi. Twajua kwamba fedha za nguo hupatikana pamba ikiuzwa. Binti hukua mwaka mzima, gauni halikui. Akija kwenye mafundisho ya kipaimara magoti yakiwa wazi, mwalimu akamkaripia mbele ya wavulana na kumrudisha nyumbani, je, atakuja tena? Tumewaona wasiorudi. Na kaka yake mwenye kaptula iliyochanika hakuambiwa neno.

Walimu, likiwapo la kusema, mama mmoja wa kanisa na amwite binti faraghani, tena kwa kanga mkononi. Nao wavulana wafundishwe kuyatawala macho yao.

Maswali:
(a) Katika usharika wenu, ni nani huonywa juu ya mavazi, na ni nani haonywi?
(b) Yuko binti aliyeacha kuja, nasi hatukumfuata?

Bwana atupe macho safi. Amina.