Jua Haki Zako: Msako wa Ukahaba Jijini Eldoret na Mipaka ya Polisi

Polisi wanaotaka kupunguza ukahaba mjini huwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuwakamata wanawake wanaosimama barabarani usiku. Ya pili ni kuziandama pesa, yaani kumfuata mteja anayelipa, kuwadi anayekula jasho la mwenziwe na mwenye nyumba anayekodisha vyumba. Hoja ya njia ya pili ni nyepesi kueleweka: bidhaa isiyo na mnunuzi haikai sokoni.

Eldoret, iliyokabidhiwa hati ya jiji tarehe 15 Agosti 2024 na kuwa jiji la tano nchini, imekaa kwenye barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Malaba. Madereva wa malori hulala hapo na wafanyabiashara hupita. Msako unapofanyika kwenye mabaa na vyumba vya kulala wageni, lori la polisi hujaa watu wa kila aina: mwanamke, mteja wake, mhudumu wa baa, na mpita njia aliyekuwa akirudi kwake. Wote hupelekwa kituo kimoja, lakini mbele ya sheria kila mmoja ana msimamo wake.

Je, kununua ni kosa?

Nchi kadhaa zimemgeuzia sheria mnunuzi. Sweden ilitangulia mwaka 1999. Ufaransa ilifuata mwaka 2016, ikaweka faini ya hadi yuro 1,500 kwa kosa la kwanza. Huko San Francisco, Marekani, kulianzishwa mwaka 1995 darasa la wateja waliokamatwa kwa mara ya kwanza: wanalipa ada, wanasomeshwa kuhusu madhara ya biashara hiyo, kisha wanaepuka mashtaka.

Kenya haina sheria ya namna hiyo. Kanuni ya Adhabu haisemi kwamba mtu mzima anayemlipa mtu mzima mwenzake kwa hiari, faraghani, ametenda kosa kwa malipo hayo peke yake. Inachoadhibu ni mambo yanayoizunguka biashara yenyewe. Kifungu cha 153 kinamgusa mwanamume anayeishi kwa mapato ya ukahaba, na pia mwanamume anayeshawishi watu mara kwa mara mahali pa umma kwa nia ya uasherati. Kifungu cha 154 kinamgusa mwanamke anayemtawala mwingine katika biashara hiyo ili apate faida. Kifungu cha 156 kinamgusa anayeendesha danguro, anayesaidia kuliendesha, na mwenye nyumba anayelikodisha akijua linatumiwa kwa kazi gani.

Zipo pia sheria ndogo za serikali za mitaa. Sheria ndogo za Mombasa za mwaka 2003 na za Nairobi za mwaka 2007 zilipiga marufuku kuzurura barabarani kwa nia ya ukahaba. Hata hivyo, sheria ndogo ya eneo moja haivuki mpaka na kwenda eneo jingine. Anayeshtakiwa Eldoret ana haki ya kuelezwa ni sheria gani inayotumika katika kaunti ya Uasin Gishu, liliko jiji hilo, na ni kifungu kipi anachodaiwa kukivunja. Neno "kuzurura" pekee halitoshi kuwa shtaka.

Anapohusika mtoto

Hapa sheria haina mzaha, na ndipo mteja hupata adhabu nzito kuliko zote. Mtoto ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18, na ridhaa yake haihesabiwi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 8, inaweka kifungo cha maisha kwa anayenajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake, kisichopungua miaka 20 ikiwa mtoto ana miaka 12 hadi 15, na kisichopungua miaka 15 ikiwa mtoto amefika 16 lakini hajatimiza 18.

Kifungu cha 15 cha sheria hiyo kinamfunga kwa miaka isiyopungua 10 mtu anayempa mtoto, au mzazi wake, pesa au zawadi ili ampate kingono. Kinamfunga vilevile anayemtafutia mtoto wateja, na mwenye nyumba anayeruhusu mtoto atumiwe humo huku akijua. Kwa hiyo msimamizi wa gesti aliyepokea pesa za chumba na kufumba macho hawezi kujificha nyuma ya kitabu cha wageni.

Mteja anayejitetea kwamba hakujua umri hasikilizwi kwa maneno matupu. Lazima athibitishe kuwa mtoto alimdanganya, na kwamba alikuwa na sababu za maana za kuamini amefika 18. Mahakama itauliza alichukua hatua gani kuhakikisha.

Kwa watu wazima, kifungu cha 17 kinaweka kifungo kisichopungua miaka 5, au faini ya shilingi 500,000, au vyote viwili, kwa anayemwingiza mtu katika ukahaba au kumtawala ili ajinufaishe. Aliyemleta msichana mjini kwa ahadi ya kazi ya nyumbani kisha akamuuza anaangukia Sheria ya Kupambana na Ulanguzi wa Binadamu ya 2010: kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Ulanguzi si lazima uvuke mpaka wa nchi. Kutoka kijijini hadi mtaa wa Langas hapo Eldoret kunatosha.

Polisi wanapofika

Katiba, kifungu cha 49, inamlinda kila aliyekamatwa bila kuuliza kazi yake. Aelezwe mara moja, kwa lugha anayoifahamu, sababu ya kukamatwa. Ana haki ya kunyamaza na ya kuwasiliana na wakili. Afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Muda huo ukiisha siku isiyo ya mahakama, siku inayofuata ya mahakama ndiyo mwisho. Aliyekamatwa saa nne usiku wa Ijumaa, kwa mfano, asipite Jumatatu bila kumwona hakimu, isipokuwa Jumatatu yenyewe ni sikukuu. Tena, kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi 6, halimruhusu mtu kuwekwa rumande.

Mkoba unapopekuliwa, mara nyingi kinachoonyeshwa kama ushahidi ni kondomu. Hakuna sheria ya Kenya inayokataza kubeba kondomu, na serikali yenyewe huzigawa bure katika vituo vya afya. Pakiti tatu mkobani hazithibitishi kosa lolote.

Chumba cha mtu hakivamiwi kwa uvumi wa jirani. Kifungu cha 155 cha Kanuni ya Adhabu kinampa hakimu uwezo wa kutoa hati ya upekuzi baada ya kupokea maelezo ya kiapo kwamba nyumba inatumiwa kwa ukahaba na kuna mtu anayeishi kwa mapato hayo. Mwenye chumba ana haki ya kuomba kuiona hati.

Kuwaanika waliokamatwa mbele ya kamera, ili wateja wengine waogope, ni mbinu inayogongana na Katiba. Kifungu cha 28 kinalinda utu, cha 31 faragha, na cha 50 kinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe. Vivyo hivyo, Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya 2006 inakataza kumpima mtu virusi kwa nguvu, isipokuwa aliyeshtakiwa kwa kosa la kingono.

Kitu kidogo cha kumalizia mambo kando ya lori si faini. Faini hutozwa na mahakama, na dhamana ya pesa taslimu kituoni huandikiwa risiti. Chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, anayetoa na anayepokea wote huweza kufungwa hadi miaka 10.

Akidhulumiwa

Mtu anayeuza ngono hapotezi haki ya kusema hapana. Akibakwa, akipigwa au akiibiwa na mteja, yeye ni mlalamishi kama mwingine yeyote, na kifungu cha 34 cha Sheria ya Makosa ya Kingono kinazuia historia yake ya kimapenzi kuchokorwa ovyo kortini. Aliyebakwa afike hospitalini kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hazisaidii baada ya hapo. Asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kuchunguzwa, kwani huo ndio ushahidi. Hospitali ya Rufaa ya Moi, MTRH, ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa. Ripoti iandikwe kituoni kwenye kitabu cha matukio cha polisi, OB, na mlalamishi aondoke na nambari ya ripoti hiyo pamoja na P3, fomu ya uchunguzi wa daktari.

Mtoto aliye hatarini huripotiwa bila malipo kwa nambari 116, na dhuluma za kijinsia kwa 1195. Malalamishi dhidi ya afisa wa polisi hupelekwa kwa mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi, IPOA, yenye ofisi Eldoret. Anayelalamika aandike mapema tarehe, saa, mahali, nambari ya gari na nambari ya afisa iliyo kwenye sare. Mambo hayo matano ndiyo yanayomwezesha mpelelezi kumtambua afisa anayelalamikiwa.