Uteuzi wa Violezo vya Kurasa za Tovuti kwa Kufuata Ngeli: Mifano kutoka Dodoma

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna programu ya PHP inavyoweza kuteua kiolezo cha ukurasa kwa kufuata ngeli ya nomino iliyomo katika hifadhidata. Inadaiwa kwamba ngeli ya upatanisho ihifadhiwe kama data, isikisiwe kutokana na umbo la nomino.

1.0 Tatizo

Lugha ya PHP, iliyotolewa na Rasmus Lerdorf mwaka 1995, huunda ukurasa pale unapoombwa: husoma data, kisha huijaza katika nafasi zilizoachwa wazi ndani ya kiolezo. Ichukuliwe tovuti ya kuorodhesha taarifa za mkoa wa Dodoma. Kiolezo kimoja chenye kitenzi "zimepatikana" kitafaa kwa "kata 5", lakini kitazalisha *"vijiji 5 zimepatikana" na *"mizabibu 5 zimepatikana". Kuandika idadi kwa tarakimu huficha upatanisho wa kivumishi tu. Kitenzi hubaki kikifichua kosa.

Kanuni za CLDR za Unicode huipa Kiswahili makundi mawili ya idadi: moja, na nyinginezo. Mgawanyo huo ni sahihi, ila hautoshi, kwa kuwa unashughulikia idadi na kuiacha ngeli.

2.0 Umbo na upatanisho

Huenda ikadhaniwa kwamba programu inaweza kutambua ngeli kwa kusoma kiambishi cha nomino. Dhana hiyo inakanushwa na nomino za viumbe hai:

(a) Kijiji 1 kimepatikana / Vijiji 5 vimepatikana
(b) Kiongozi 1 amepatikana / Viongozi 5 wamepatikana
(c) Shamba 1 limepatikana / Mashamba 5 yamepatikana
(d) Diwani 1 amepatikana / Madiwani 5 wamepatikana

Nomino za (a) na (b) zinafanana kwa viambishi, lakini zinatofautiana kwa upatanisho. Vivyo hivyo wingi katika (c) na (d).

3.0 Pendekezo

Yahitajika majedwali mawili. La kwanza lihifadhi umoja, wingi na ngeli ya upatanisho ya kila nomino. La pili lihifadhi violezo, kila kimoja kikiwa na alama ya ngeli na ya idadi. PHP isome nomino na idadi, kisha iteue kiolezo kinacholingana na vyote viwili. Sifuri ipewe kiolezo chake, kwa kuwa Kiswahili husema "Hakuna kijiji kilichopatikana", kwa umoja na kwa kirejeshi. Pasipo kiolezo kinacholingana, utumike muundo usiohitaji upatanisho wa ngeli, kama vile "Vijiji: 5".

4.0 Hitimisho

Faida ya utaratibu huu haiishii katika Kiswahili. Cigogo, ambayo Malcolm Guthrie aliipa alama G11, nayo ni lugha ya Kibantu yenye ngeli. Iwapo sarufi imo katika majedwali, safuwima ya lugha itatosha kuipokea Cigogo kwa kuongeza data yake, pasipo kuandika programu upya. Sarufi ikifungiwa ndani ya programu, mzungumzaji wa Ugogo atamsubiri mwanaprogramu ili lugha yake iandikwe kwa usahihi. Ikiwekwa katika data, mwanaisimu na mzungumzaji wanaweza kuisahihisha wenyewe.